Wakala ameshika karatasi ya ukimbizi ya binti Mutwa: tumlindeje?

Mama wa Kadutu aliuliza:

Ndugu zangu, hapa Kadutu, mjini Bukavu, nina jirani, binti wa miaka 19, Mutwa (yaani wa jamii ya Batwa, watu wa asili wa misitu) kutoka Burundi, aliyepitia kambi ya Lusenda kule Fizi kabla ya kuja mjini kutafuta kazi. Majuma mawili yaliyopita bwana mmoja alimwahidi kazi ya nyumbani katika nchi ya Ghuba: tiketi atalipiwa, deni atalirudisha kwa mishahara ya miezi ya kwanza, na pasiporti ya Burundi atatafutiwa Bujumbura. Tangu siku hiyo bwana huyo ameshika karatasi yake ya ukimbizi, eti kwa ajili ya kuandaa safari. Nilipomwonya binti, alinijibu kwamba amekubali mwenyewe, na kwamba hapa hata akibeba mizigo sokoni hulipwa pungufu ya wenzake kwa sababu ni Mutwa. Sikuwa na la kumjibu. Je, sheria humlinda mtu aliyekubali? Na nikimpeleka polisi bila karatasi, si watamfunga yeye?

Mwanasheria wa Nguba alijibu:

Mama, kama ahadi ile ni ya uongo na nia ni kumnyonya, kukubali kwake hakumwokoi bwana huyo. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mapatano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara ya kusafirisha watu, ambayo Kongo imejiunga nayo, haihesabu ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa kutumia unyonge wa mtu, na sheria namba 22/067 ya tarehe 26 Desemba 2022 iliingiza kosa la biashara ya kusafirisha watu katika kanuni yetu ya adhabu.

Linalonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni ile pasiporti. Kwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, mkimbizi anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia anaweza kupoteza hadhi yake, na kuchukua pasiporti ya nchi hiyo kunaweza kusomwa hivyo. Mkimbizi husafiri kwa hati ya safari ya wakimbizi, inayotolewa na nchi iliyompokea. Akifika Ghuba, ambako mara nyingi kibali cha kukaa cha mfanyakazi wa nyumbani hufungwa kwa mwajiri anayemdhamini, huenda akawa amepoteza ukimbizi huku na hawezi kumwacha mwajiri kule. Mweleze hilo polepole. Kisha nendeni pamoja CNR (tume ya taifa ya wakimbizi) au HCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa), mkaeleze kwamba karatasi yake imeshikwa na mtu. Polisi mwende baadaye, mkiwa na wakili. Ujumbe wote wa simu wa bwana huyo, hata ule wa sauti, asiufute.

Binti wa Kalehe alijibu:

Mimi ni Mutwa wa huku Kongo. Wazee wetu walitolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Aliyoandika mwanasheria ni kweli, lakini nawasihi mfikirie kwa nini binti amemwamini mgeni kuliko jirani. Wako watu, hata leo, wasiokubali kunywa kikombe kimoja na Mutwa. Wakala huketi naye, hunywa naye, humwita dada. Ndivyo dada zetu wengine walivyochukuliwa hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi na Kamituga, wakiahidiwa kuuza chakula mgahawani, kisha deni la malazi na la chakula likawazuia kuondoka. Kwa hiyo, Mama, usianze na onyo jingine. Kula naye kwanza. Mtafute mwanamke Mutwa anayezungumza Kirundi, ili habari hii ya pasiporti aisikie kwa mtu wa kwao, na jitahidini apate kazi inayolipa sawa na ya wengine, maana mkimzuia kusafiri halafu akabaki na njaa, wakala wa pili atampata.

Mama wa Kadutu alijibu:

Asanteni sana. Nakiri kwamba sijawahi kumkaribisha mezani kwangu, na neno la kikombe limenichoma. Jana jioni tulikula pamoja ugali na sambaza, akanisikilizisha sauti za bwana huyo. Katika moja anamwambia asimweleze mtu yeyote siku ya safari. Binti mwenyewe alinyamaza kitambo baada ya kuirudia. Jumatatu tunakwenda CNR, naye ameomba shangazi yake wa Panzi awepo. Mwanasheria, bwana akikataa kurudisha karatasi, binti anaweza kupewa nyingine bila kurudi Lusenda?

Mwanasheria wa Nguba alijibu:

Msimfuate bwana huyo kuidai. Anaweza kuharakisha safari. Ombeni nyingine Jumatatu hiyohiyo, na mwombe afisa aandike kwamba ilichukuliwa, si kwamba ilipotea. Nitakuandikia faraghani saa ya kukutana, niwasindikize.