Junior ana mafua (kikundi cha familia, Njombe)

Mama Junior: Ndugu zangu mmeamkaje. Junior hajalala, mafua yamembana, mwili unachemka, anakohoa kikavu. Baridi ya Julai mnaijua. Kuna amoksilini ilibaki ya dada yake, nimpe?

Shangazi Rehema: Pole wifi yangu. Usimpe. Mafua makali ni virusi, amoksilini haiui virusi, itamharisha bure. Anakunywa? Amekojoa?

Mama Junior: Uji amekataa. Chai na maji anakunywa kidogo kidogo. Amekojoa alfajiri.

Shangazi Rehema: Vizuri. Subiri atulie, asiwe analia, mfunue nguo kifuani. Tumbo likipanda na kushuka hesabu pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, usikadirie. Kwa miaka yake 3, zikifika 40 mbebe mwende. Ukiona chini ya mbavu panaingia ndani akivuta hewa, au amelegea, au degedege, usihesabu, nenda tu.

Baba Mdogo Festo: Si ajifukize kwanza? Mwarobaini upo nyuma ya nyumba.

Shangazi Rehema: Hapana mdogo wangu! Mtoto na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi? Wodini nimeuguza walioungua hivyohivyo. Kijiko cha asali kitamlainisha koo, ameshavuka mwaka mmoja.

Mama Junior: Nimehesabu mara mbili. 34. Kifua hakiingii.

Shangazi Rehema: Mungu ni mwema. Mpe paracetamol ya maji kwa uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini kamwe, kwa mtoto mwenye mafua inaweza kudhuru ini na ubongo. Ila leo hii akapimwe malaria. Si juzi mmetoka Kyela, kwenye malaria nyingi? Homa ya aliyetoka Kyela siiti mafua kabla ya kipimo.

Elia: Shikamoo shangazi. Bibi analala chumba kimoja na Junior.

Shangazi Rehema: Marahaba. Elia, mhamishe bibi yako sasa hivi! Umri ule na kisukari, mafua yanageuka nimonia upesi. Junior ataendelea kuambukiza kama wiki nzima. Bibi akianza homa mpeleke siku hiyohiyo, dawa ya virusi husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Na jiko la mkaa lisilale ndani, hewa yake inaua bila harufu.

Dada Diana (Minneapolis): Huku tunachanjwa kila mwaka kabla ya baridi, maana virusi hubadilika. Bibi hawezi kupata?

Shangazi Rehema: Nitaulizia hospitali kubwa. Ikipatikana, achanjwe mapema kabla ya baridi ya mwakani, kinga huchukua wiki 2 hivi kujengeka.

Elia: Bibi yuko chumba cha mbele, dirisha nimefungua. Amenuna kidogo.

Mama Junior: Tumerudi kutoka zahanati. Malaria hana. Wamesema paracetamol na vinywaji vingi. Ameomba uji!

Shangazi Rehema: Mpe. Mhesabu tena jioni akiwa amelala, nitumie namba hapahapa.