MREJESHO: Fangasi za ukeni zinazojirudia, na dawa za Ayurveda

Wapendwa, miezi minane iliyopita niliuliza kama Ayurveda (tiba ya jadi ya India) inaweza kukomesha fangasi zinazorudi kila baada ya wiki chache. Asanteni sana, hasa mliosisitiza vipimo kwanza.

Maji ya trifala (unga wa matunda matatu makavu: amalaki, haritaki na bibhitaki): kijiko kimoja cha unga, vikombe viwili vya maji, chemsha hadi kibaki nusu kikombe, chuja mara mbili kwa kitambaa, poza, osha nje tu. Muwasho ulipungua, fangasi zikarudi vilevile. Usipochuja vizuri, unga unakwaruza ngozi iliyochubuka.

Maji ya mwarobaini kwa ndani, msijaribu! Yaliunguza, na kujisafisha ndani kunaondoa bakteria wanaotunza asidi ya uke. Takra, kinywaji cha mtindi (mtindi kipimo 1, maji 4, piga, engua mafuta, tia binzari nyembamba iliyokaangwa) ilituliza tumbo. Huko chini, hakuna tofauti.

Kilichosaidia ni ushauri wa kuotesha sampuli ya ukeni maabara: majibu yakawa Candida albicans (aina ya fangasi), sukari ya damu kawaida. Daktari aliandika flukonazoli (kidonge cha kuua fangasi) miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi 6. Wajawazito wasiiguse bila daktari, na inagongana na dawa kadhaa, kwa hiyo tajeni zote mnazotumia.

Nimemaliza wiki tano zilizopita, bado shwari. Wengi hurudiwa baada ya kuacha, kwa hiyo sijasema nimepona. Trifala nimebakiza kwa muwasho wa nje tu.