Kampuni Scotland au taasisi Ubelgiji? Kazi ya kufuatilia samaki kwenye mashamba ya upepo baharini

BintiTanga
Habari zenu wanajukwaa. Nimemaliza shahada ya pili ya sayansi za bahari hapa Ubelgiji na nina barua mbili za kazi. Zote ni za fundi wa kufuatilia samaki kwenye miradi ya umeme wa upepo baharini. Natakiwa nijibu wiki ijayo.

Ya kwanza ni kampuni ya ushauri wa mazingira Scotland, miezi 10. Kuanzia Aprili tunakuwa mitoni kuwatia tagi makinda ya samoni wanaposhuka baharini, kisha tunahudumia risiva zilizozamishwa mahali mitambo itakapojengwa. Mshahara unazidi wa pili kwa theluthi nzima.

Ya pili ni taasisi ya utafiti hapahapa, miaka 2, Bahari ya Kaskazini. Mitambo 399 ya Ubelgiji imeshasimama yote tangu 2020, kwa hiyo wao wanawatazama samaki waliokuja kukaa humo: chewa wa Atlantiki (si huyu chewa wetu wa miambani) na gayogayo.

Kwa asiyeijua kazi hii: tagi ni kidude cha kama ncha ya kidole, hutiwa tumboni mwa samaki kwa upasuaji mdogo. Kila baada ya dakika moja au mbili hutoa mlio wa kilohezi 69 wenye namba yake, ambao sikio la mtu haliusikii. Risiva iliyofungwa chini huandika namba na saa. Baba yangu ni mvuvi. Nilipomweleza aliniuliza, "Na samaki akipita mbali na hiyo risiva?" Basi amepita, hakuna ajuaye.

NahodhaKilindoni
Hongera sana binti yangu. Ya upepo siyajui, ila tagi nazijua, maana niliwahi kuwabeba watafiti Mafia wakiwapachika potwe, wale papa wakubwa wapole. Sisi tulikuwa tunasema potwe huja na kaskazi, kusi ikiingia ameshaondoka. Risiva zikaonyesha wako palepale mwaka mzima, wamesogea tu mbali na pwani na kushuka chini, macho hayawafikii. Matokeo yalichapishwa 2015. Wale watafiti wangekaa msimu mmoja wakaondoka, wangeandika vilevile tulivyokuwa tukisema sisi. Ndiyo maana hiyo miezi 10 inanitia shaka.

KakaNewBedford
Shikamoo nahodha. Naomba niitetee kidogo Scotland.

Huku Marekani, kusini mwa Massachusetts na Rhode Island, tuna mwamba wa chini ya bahari unaitwa Cox Ledge. Chewa wa Atlantiki hukusanyika pale kutaga wakati wa baridi, na mashamba ya upepo yamepangwa jirani yake. Shamba moja, South Fork, mitambo 12, lilikamilika Machi 2024. Chewa walitiwa tagi, na mbali na risiva za chini ilitumika glaida, chombo kisicho na mtu kinachozama na kupanda chenyewe, kimebeba risiva na maikrofoni ya majini, kwa sababu chewa dume huguna wakati wa kutaga. Ukishajua wanataga wapi na miezi gani, unaweza kumwambia mjenzi asipigilie nguzo wakati huo. Hayo yanafaa yakijulikana kabla ya ujenzi. BintiTanga, ukienda Ubelgiji utakuta nguzo zimeshasimama, na hali ya mwanzo utaisoma kwenye ripoti za wengine.

Upande wa ajira niseme ukweli, inayumba. Tarehe 22 Agosti 2025 serikali iliamuru mradi wa Revolution Wind, wenye mitambo 65, usimamishe ujenzi. Mahakama iliruhusu kazi iendelee 22 Septemba. Mwezi mzima watu wa boti tulikuwa tunatazamana. Scotland ni nchi nyingine, lakini fundi wa mkataba popote alipo anategemea mradi uendelee.

UmmuRukia
Mdogo wangu, mimi nimefanya kazi hiyohiyo Scotland miaka minne, kampuni mbili. Pesa ipo. Na mkono wako utajifunza haraka kuliko mahali pengine popote, maana samoni hushuka kwa wiki chache na wote mnakesha.

Kinda ana urefu wa sentimita 13 au 14, tagi unene milimita 7. Unamlaza chali kwenye sponji lililokatwa mfereji, maji yenye dawa yanapita kwenye matamvua. Unakata pembeni kidogo ya mstari wa tumbo, hata sentimita mbili hazifiki, unasukuma tagi ndani, nyuzi mbili, unamrudisha kwenye ndoo ya maji safi na kumngoja asimame sawa. Maabara niliyojifunzia walitumia mafuta ya karafuu kulewesha samaki. Mimi mjukuu wa wachuma karafuu wa Wete, siku ile ya kwanza harufu ilinishika koo.

Waulize nani analipia leseni yako binafsi ya Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza), kwa sababu bila hiyo huruhusiwi kumpasua samaki. Waulize pia cheti cha afya cha mabaharia, na kozi ya kujiokoa baharini ya GWO, shirika la usalama la kampuni za upepo, ambayo hurudiwa kila baada ya miaka 2.

Sasa la uchungu. Kampuni moja niliyofanyia kazi, tulikwenda kuzitoa risiva, tukatuma ishara zijiachie nanga zipande. Tatu hazikupanda, zilikuwa zimekokotwa na nyavu. Moja tuliipata kwa mvuvi, ameiweka bandani miezi mitano, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuwaeleza wavuvi ni kitu gani. Zilizopanda zilijaa kome na mwani. Kama tungezipaka dawa mapema, vile wazee wanavyopaka chombo deheni, zisingekuwa hivyo. Tukazifungua, ndani mna namba kadhaa za tagi zisizo zetu. Samaki wa watu wengine, labda wa nchi nyingine, wamepita kwetu. Nikaomba tuzipeleke European Tracking Network, mtandao wa watafiti wa Ulaya wanaopeana data za tagi, wenyewe wapatikane. Meneja akasema data ni ya mteja. Nilipoondoka zilikuwa bado kwenye diski. Mahali fulani kuna mtafiti ameshawaandika samaki wale kuwa wamekufa.

BintiTanga
Dada, hilo la mwisho limeninyima usingizi. Nimewaandikia wote wawili swali moja: risiva ikisikia tagi ya mtu mwingine, mnafanya nini?

KakaNewBedford
Swali zuri. Wakijibu tuletee.

BintiTanga
Wamejibu. Kampuni wanasema data inabaki kwa mteja mpaka mradi upate kibali, na baada ya hapo "itajadiliwa". Taasisi wamenitumia mahali data zao zilipo, nikaingia. Nimewakuta chewa waliotiwa tagi kwenye mitambo ya Thorntonbank, fungu la mchanga la Ubelgiji, zaidi ya miaka 10 iliyopita, jinsi walivyong'ang'ania misingi ya mitambo kiangazi na vuli, baridi ikaja wakatoweka. Kaka, umesema kweli kwamba nitakosa hali ya mwanzo. Lakini chewa waliomo sasa naweza kuwafuata. Nimesaini ya Ubelgiji.

Naanza Machi. UmmuRukia, mikono ikifa ganzi kwa baridi unashonaje?

UmmuRukia
Hongera mwaya. Chupa ya maji ya moto ndani ya koti, mikono humo kati ya samaki na samaki. Glovu nyembamba tu, nene hutahisi uzi. Na usiku wa kuamkia safari jifunze kufunga fundo umefumba macho.