Kompyuta mpakato na mfumo endeshi kwa anayejifunza usalama wa kompyuta

MhasibuUbungo:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu, na nyumbani hapa Ubungo najifunza usalama wa kompyuta nikitoka kazini. Nimedunduliza fedha za kununua kompyuta mpakato, na kijana mmoja wa duka la Kariakoo amenishauri nichukue mashine mpya yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, ambayo ameahidi kuniwekea Kali Linux badala ya Windows, kwa maelezo kwamba watu wa usalama wote hutumia hiyo. Kwa bei isiyotofautiana sana ipo ThinkPad T480 iliyotumika, yenye RAM ya GB 16, imechubuka pembeni na herufi E ya kibodi imefutika. Nichukue ipi, na je, Kali ndiyo iwe mfumo wangu wa kila siku?

Kijiweni_Salama:
Ndugu, chukua iliyochubuka. Mazoezi ya fani hii hufanyika ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako kwa programu kama VirtualBox, na kila moja hula sehemu yake ya RAM. Ukiwasha Kali ya kushambulia na Windows ya kushambuliwa, kila moja ukaipa GB 4, ile mashine mpya haitabakiwa na kitu cha kuendeshea mfumo wake yenyewe. T480 ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kuongeza hadi GB 32 ukijaliwa, ilhali mashine nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imelehemewa kwenye ubao. Pia huwa na betri ya ndani na nyingine ya kuchomoa, na umeme ukikatika katikati ya zoezi utanikumbuka.

Kali ni sanduku la zana lililojengwa juu ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux. Nyaraka zake zenyewe zinasema kwamba haimfai asiyeijua Linux, wala anayetafuta mfumo wa shughuli za kawaida. Weka Ubuntu, Linux ya shughuli za kila siku, iwe mwenyeji, yaani mfumo mkuu unaobeba mashine pepe, na Kali ikae katika mashine pepe. Ukiiharibu, unairudisha katika hali uliyoihifadhi kabla ya jaribio.

BintiKigamboni:
Naafiki kuhusu mashine, ila kwa mhasibu ningebakiza Windows 11 kuwa mwenyeji, kwa kuwa ofisi nyingi atakazokuja kuzilinda zinaendeshwa kwa Windows. Hata hivyo, angalia prosesa kabla ya kulipa. T480 nyingine ziliuzwa na prosesa za Intel za kizazi cha saba, zenye viini (sehemu za kuchakata) viwili tu, na Windows 11 haizitambui rasmi; unayoitaka ni ya kizazi cha nane, kwa mfano i5-8250U, yenye viini vinne. Windows 10 nayo si pa kukimbilia, kwani msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Jambo la pili lilinigharimu mimi mwenyewe. Nilinunua mashine ya mtumba iliyotoka katika ofisi ya nje, nikafika nayo nyumbani, VirtualBox ikagoma kwa sababu uwezo wa mashine pepe ulikuwa umezimwa katika BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na BIOS yenyewe ikadai nywila ya msimamizi ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Muuzaji aliniuliza, «Kwani haiwaki?» Kwa hiyo ukiwa hapo hapo dukani, iwashe, bonyeza F1, ingia kwenye Security, kisha Virtualization, uhakikishe unaweza kubadilisha.

Kijiweni_Salama:
Hilo la F1 nililisahau, ahsante dada. Niongeze kwamba mashine pepe haiioni kadi ya Wi-Fi ya ndani kama Wi-Fi, bali kama waya wa mtandao, hivyo mazoezi ya Wi-Fi yatahitaji kadi ya USB inayokubali kusikiliza mawimbi yote. Jaribu kwenye ruta yako tu, maana kuingia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

MhasibuUbungo:
Nimerudi kutoka Kariakoo. Ile ya kwanza ilidai nywila, na muuzaji akasema nimrudishie kesho aitoe. Nimeiacha kaunta, nikachukua nyingine ya i5-8250U iliyofunguka bila shida. Hii herufi E ipo, iliyofutika ni A.