Baba mdogo ana usaha kwenye pingili za mgongo, naye anataka kuacha sindano: naomba ushauri

Kijana wa Chumbageni: Ndugu zangu, asalaam aleikum. Baba yangu mdogo, mvuvi wa Sahare hapa Tanga, aliumwa kiuno tangu masika, maumivu yakizidi usiku na homa ikija na kuondoka, wazee wakasema ni nyavu tu. Eksirei haikuonyesha kitu. Kipimo cha MRI ndicho kilichoonyesha pingili mbili zimelika na jipu limejitunga pembeni, nasi sote tukawaza kifua kikuu cha mifupa. Lakini usaha uliovutwa ulipooteshwa maabara ulitoa bakteria aitwaye Parvimonas micra, ambaye makazi yake ni kwenye fizi. Sasa, baada ya kuchomwa sindano za antibiotiki, homa imekwisha, anatembea, na anadai kuziacha na kurudi baharini. Je, ni salama? Na gego lake lililooza linahusikaje na mgongo?

Muuguzi Mstaafu: Asiache. Dawa hupenya kwa taabu kwenye mfupa ulioharibika, ndiyo maana ugonjwa huu hutibiwa kwa wiki 6 hivi, hata kama mgonjwa amepata nafuu mapema, na jipu lisipokauka daktari huongeza muda. Kama sindano zimemchosha, muulizeni daktari iwapo zinaweza kubadilishwa kuwa vidonge. Hilo si la kuamuliwa barazani. Kwa kweli mmebahatika kupata jibu, kwa sababu bakteria huyu hastawi penye oksijeni na huota polepole, hivyo usaha usipohifadhiwa ipasavyo majibu hurudi kwamba hakuna kitu.

Daktari wa Meno, Pangani: Bakteria hupenya kwenye damu kupitia fizi zenye ugonjwa au jino bovu, hata pasipo kung'oa, kisha hutua kwenye pingili. Gego lishughulikiwe angali kwenye dawa, na anayemtibu meno aelezwe habari ya mgongo. Ulizeni pia kama moyo wake umepimwa kwa ultrasaundi, maana valvu, yaani milango ya moyo, nazo hushambuliwa.

Mzee wa Makorora: Na asichuliwe mgongo, hata akiomba.

Kijana wa Chumbageni: Ahsanteni sana. Ni dalili gani ambazo hazingoji siku ya kliniki?

Muuguzi Mstaafu: Miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo kugoma au haja kutoka yenyewe. Ukiona mojawapo, mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo, kwani jipu likiubana uti wa mgongo anaweza kupooza ndani ya muda mfupi. Nyavu asiziguse mpaka daktari aruhusu.