Ukoo wa Bi Tatu, Dunda: gumzo la Jumamosi usiku

Kaka Idrisa: Asalaam aleikum ukoo. Video niliyotuma hapo juu kila mtu aifungue, hata mwenye bando dogo. Kisukari cha Nasra kimepata dawa. Wanachukua seli za kongosho, wanazivika utando kama wa plastiki, wanampandikizia mgonjwa, basi, sindano zimekwisha. Kuna mtu hapa Dar anapeleka watu nje. Anataka milioni 18. Tukichanga hatushindwi.

Shangazi Mwanaidi: Waaleikum salaam. Alhamdulillah! Mie laki mbili nawapa, nikishauza mwani wa bamvua hili.

Mjomba Shomari: Nipo na mimi. Mtoto wetu ateseke na pesa ipo?

Mama Nasra: Nimeiangalia mara tatu, nimelia. Huyo mtu nimempigia. Kasema Nasra aache insulini siku 3 kabla ya safari ili mwili usafike. Hapo ndipo moyo umenidunda. Zuhura upo?

Zuhura: Nipo dada. Asikose hata dozi moja. Naandika, nisubirini.

Zuhura: Dada Halima, unakumbuka ile wiki ugonjwa ulipoanza? Anakunywa jagi zima la maji na bado ana kiu, anakojoa kitandani na ni binti wa miaka 9, nguo zinamvuka. Tukampeleka mahali akatibiwa malaria siku 4. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anahema kama aliyekimbia, na mdomo unanuka kama embe lililoiva likapitiliza. Ule ndio mwili usio na insulini. Siku 3 zinatosha kumrudisha palepale, na safari hii huenda tusimuwahi. Anayesema aache hajui anachokiuza, au anajua na hajali. Kaka, usimtumie hata shilingi.

Kaka Idrisa: Duh. Hilo la kuacha insulini sikulisikia mimi. Lakini video yenyewe ni uongo? Mbona inaonyesha maabara na madaktari?

Zuhura: Video si uongo, kaka. Aliyeifunga kamba na kuipeleka sokoni ndiye mwongo. Hilo jambo lipo, na mimi nalifuatilia tangu Nasra augue. Nitawaeleza, ila ni refu.

Shangazi Mwanaidi: Eleza mwanangu, niko jikoni nasikiliza, Mwajuma ananisomea.

Zuhura: Ndani ya kongosho kuna vifurushi vidogo vya seli, upana wake kama sehemu ya kumi ya milimita. Mjerumani Paul Langerhans aliviona mwaka 1869, ndiyo maana vinaitwa visiwa vya Langerhans. Mtu mzima anavyo kama milioni moja. Humo ndimo insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, inamotengenezwa. Kwa Nasra, askari wa mwili wenyewe, ile kinga inayopigana na maradhi, waliviona visiwa vyake ni adui wakaviua. Si kwamba alikula sukari nyingi, na naomba lile neno lisirudiwe tena kwenye ukoo huu.

Sasa ukimpa visiwa vya mtu mwingine aliyefariki, vinafanya kazi. Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, walitangaza wagonjwa 7, wote wakaacha sindano. Visiwa walivipitisha kwenye mshipa unaoingia ini. Tatizo ni kwamba wale askari bado wapo, na sasa wana sababu mbili za kushambulia: ni seli wanazozichukia, tena za mgeni. Kwa hiyo mgonjwa anameza dawa za kuidhoofisha kinga kila siku. Dawa hizo zinaumiza figo, na zinafungua mlango wa maambukizi na hata saratani. Na bado, walipofuatilia wagonjwa wengi zaidi, baada ya miaka 5 aliyebaki bila sindano alikuwa mmoja hivi katika kila 10.

Mama Nasra: Yaani unatoa sindano unaleta vidonge vya kumwondolea kinga. Na huku kwetu na malaria yetu.

Zuhura: Ndiyo hapo, dada. Ndipo likaja wazo la kuvivalisha. Shangazi, kifumbu kiko karibu?

Shangazi Mwanaidi: Nimekishika sasa hivi, nakamua nazi ya samaki.

Zuhura: Basi kitazame. Tui linatoka, chicha inabaki, kwa sababu matundu ya ukindu ni madogo kwa chicha na makubwa kwa tui. Utando wa kwenye video ndio kifumbu hicho. Sukari na oksijeni ni vidogo, vinapenya kuingia. Insulini nayo ni ndogo, inapenya kutoka. Askari wa kinga ni wakubwa, wanabaki nje. Kisiwa kinaishi kwenye nyumba ya ugenini na hakuna anayekifikia, na mgonjwa hahitaji dawa za kuiua kinga. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1980 watafiti wawili, Lim na Sun, walifunika visiwa hivyo, wakavitia kwenye panya wenye kisukari, sukari ikashuka. Na utando wao waliutengeneza kwa kitu kitokacho kwenye mwani.

Shangazi Mwanaidi: MWANI?? Huu wetu wa Mlingotini??

Zuhura: Natamani ningesema ndiyo, shangazi. Wetu, spinosum na kotonii, ni mwani mwekundu, unatoa karajinani ya kugandisha vyakula. Wao walitumia aljineti, inatoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ukiidondosha kwenye maji yenye kalsiamu inaganda papo hapo, tone linakuwa gololi laini, na kisiwa kimo ndani.

Kaka Idrisa: Tangu 1980? Hiyo ni zaidi ya miaka 40. Kwa nini Nasra bado anachomwa sindano 4 kwa siku?

Zuhura: Swali lenyewe ndilo hilo. Shangazi, kamba ya mwani ikikaa sana bila kusafishwa inakuwaje?

Shangazi Mwanaidi: Inashikwa na uchafu, majani ya ovyo na utelezi, unafunika mwani mpaka unanyong'onyea na kukatika. Ndiyo maana kila maji yakitoka tuko huko tunapangusa kwa mikono, kifundo kwa kifundo.

Zuhura: Mwili unafanya vilevile kwa gololi. Haukiui kisiwa moja kwa moja, unaona kitu kigeni na kukizungushia kovu. Kovu likishakuwa nene oksijeni haipiti, na kisiwa kinakufa kwa kukosa pumzi ndani ya nyumba tuliyokijengea kukilinda. Na hakuna mkono wa kwenda kupangusa. Gololi yenyewe nayo ni kubwa mara kadhaa kuliko kisiwa, kwa hiyo hata bila kovu kisiwa kilicho katikati kinahema kwa shida.

Kwa hiyo wanatafuta njia mbili. Wengine wanabadili aljineti yenyewe ili mwili usiichukie. Mwaka 2016 timu ya vyuo vya Marekani, MIT na Harvard, ilifunika seli za binadamu kwa aljineti iliyobadilishwa, panya wakakaa na sukari nzuri siku 174 bila dawa ya kudhoofisha kinga. Wengine wanatupa gololi kabisa, wanapaka kisiwa tabaka juu ya tabaka, utando mwembamba sana, unywele mmoja ni mnene kuliko huo mara mamia. Chuo Kikuu cha Alabama pale Birmingham walitumia polima, kitu cha jamii ya plastiki, pamoja na asidi ya taniki, jamii ya tanini, ile inayofanya chai ya rangi ikikolea ikaze ulimi. Tanini inashikana na ile polima, na tena inatuliza zile sumu ambazo kinga inazitema pale penye vita.

Mjomba Shomari: Tanini naijua. Baba yangu alibandua magome ya mkoko, yakipakiwa majahazini kwenda kutengenezea ngozi. Mikono yake ilikuwa myekundu mwaka mzima.

Zuhura: Ndiyo hiyohiyo jamii yake, mjomba.

Mama Nasra: Zuhura niambie kweli. Kwa mwanangu, lini?

Zuhura: Dada, kwa kufunikwa, bado ni majaribio. Juni 2023 Marekani iliidhinisha visiwa vya watu waliofariki, lakini ni kwa watu wazima tu na pamoja na dawa za kudhoofisha kinga. Mwaka 2025 kampuni ya Vertex ilionyesha seli zilizooteshwa maabara: baada ya mwaka mmoja, 10 kati ya wagonjwa 12 hawakuhitaji tena sindano. Nao wanameza dawa za kudhoofisha kinga. Mwaka huohuo iliacha jaribio lake la kuziweka seli hizo ndani ya kifaa, insulini haikutosha. Ndiyo maana anayeuza utando kwa milioni 18 leo anauza kitu ambacho hata waliokibuni hawana. Na jaribio la kweli kwa kawaida halimdai mgonjwa pesa.

Nasra ana miaka 12. Naamini atakiona. Kazi yetu ni afike huko figo zake zikiwa nzima na macho yake mazima.

Kaka Idrisa: Nimeelewa. Namba ya yule mtu nimeifuta. Dada nisamehe, nilitaka kukuletea furaha. Mchango wangu uende kwenye vipimio, najua boksi moja halimalizi mwezi.

Shangazi Mwanaidi: Na laki mbili yangu ipo palepale.

Mama Nasra: Allah awalipe. Jamani Nasra yuko pembeni yangu, kasoma yote. Anauliza: "Mamdogo, hivyo visiwa vikifungiwa ndani vitajuaje kama nimekula?"

Zuhura: Mwambie swali zuri sana. Havihitaji kuambiwa. Akila wali sukari inapanda kwenye damu, inapenya utando, kisiwa kinaionja, kinatoa insulini ya kiasi kile tu. Ikishuka kinanyamaza. Bila kipimo, bila kuhesabu vijiko, hata akiwa amelala.

Mama Nasra: Kanyamaza. Sasa kasema, "hata nikiwa nimelala?"

Zuhura: Hata akiwa amelala.

Mama Nasra: Kapima sukari, 8.1. Tunakula sasa, nimemchoma tayari. Umeme umekatika tangu alasiri, chupa za insulini nimezishusha kwenye mtungi zisipate joto.

Shangazi Mwanaidi: Mchanga wa nje umeulowesha? Ukikauka mtungi haupoi.

Mama Nasra: Naenda kuumwagia maji sasa hivi shangazi.