Springla kwa jengo la maduka na makazi: bomba lenye maji au bomba kavu?

Mwenye Jengo, Kariakoo
Habari za leo, ndugu wanajukwaa. Ninamalizia jengo la ghorofa tano. Sakafu mbili za chini ni maduka ya vitambaa na tatu za juu ni nyumba za kupangisha. Nimeletewa mapendekezo mawili ya springla, yaani vichwa vya darini vya kunyunyizia maji moto ukizuka: mfumo ambao mabomba yake hujaa maji wakati wote, na ule wa bomba kavu, ambalo hushikilia hewa yenye mgandamizo hadi kichwa kifunguke ndipo maji yafuate. Wapangaji wa maduka wanashinikiza huo wa pili kwa kuhofia kuvuja.

Fundi Bomba
Mkuu, bomba kavu lilibuniwa kwa ajili ya mahali ambapo maji huganda, na hapa Dar es Salaam ningelifikiria kwa chumba cha kugandishia samaki tu. Utanunua kompresa na valvu ya bei kubwa zaidi, halafu moto ukitokea hewa itangulie kutoka, na maji yanaweza kuchelewa hata kufikia dakika nzima, ilhali jora la poliesta halikusubiri. Isitoshe, bomba hilo halikauki kabisa, hivyo unyevu unaobaki pamoja na hewa hulila kutoka ndani.

Muuza Vitenge
Samahani, hofu yetu ni hii: mtu akichoma ubani dukani, si vichwa vyote vitafunguka na mzigo mzima ulowe?

Fundi Bomba
La, dada yangu. Kila kichwa kina kichupa cha kioo chenye kimiminika; chenye rangi nyekundu hupasuka joto likifika nyuzi 68 za Selsiasi, na hufunguka kile tu kilichopashwa. Moshi haukigusi. Ninachohofia zaidi ni hanga, kwa maana nimewahi kukuta madera yametundikwa kwenye vichwa kana kwamba ni misumari. Majora nayo yasipangwe hadi darini. Acheni karibu nusu mita chini ya kichwa ili maji yatawanyike.

Mhandisi wa Majengo
Naunga mkono bomba lenye maji, ila swali zito ni tangi. Kichwa cha kawaida chenye kipimo cha K80 hutoa lita 80 kwa dakika kwenye shinikizo la bar 1, kwa hiyo vichwa vinne kwa nusu saa ni lita 9,600, na maduka ya vitambaa yatahesabiwa zaidi ya hapo. Maji hayo yasichanganywe na ya wapangaji, la sivyo mgao ukianza watayaogea. Pampu nayo iwe na mbadala wa dizeli.

Mwenye Jengo, Kariakoo
Nimeshawishika, nitachukua lenye maji. Katika jengo langu la zamani fundi rangi alivipaka vichwa vya koridoni rangi nyeupe. Je, vikwanguliwe?

Fundi Bomba
Visikwanguliwe wala kusuguliwa kwa tina. Rangi hukinga joto lisifike kwenye kichupa, kwa hiyo funga valvu, mwaga maji yaliyomo, kisha weka vichwa vipya.